Charles Bovary hakuwa daktari: jinsi ya kuboresha makala ya Madame Bovary katika Wikipedia ya Kiswahili

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mkoani Kigoma, mwenye stashahada na si shahada ya udaktari. Wagonjwa huniita daktari, nami huwasahihisha kila ninapopata nafasi, kwa sababu siku mtu anapohitaji kupasuliwa, tofauti hiyo ndiyo uhai wake. Kifaransa nilijifunzia kazini. Nilikaa miaka sita nikihudumia wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu, na watu waliovuka kutoka Burundi na Kongo walikuja na karatasi za matibabu zilizoandikwa Kifaransa. Usiposoma karatasi, unampa mtu dawa aliyokwisha kupewa. Muuguzi mmoja mzee kutoka Uvira ndiye aliyenifundisha, jioni baada ya zamu, na alipoondoka aliniachia riwaya moja isiyo na jalada: Madame Bovary ya Gustave Flaubert.

Nimeisoma mara nne. Jambo la kwanza kunigusa halikuwa mapenzi ya Emma, mhusika mkuu, lilikuwa cheti cha mumewe, Charles Bovary. Tangu hapo nimekuwa nikiandika na kusahihisha habari za kitabu hiki kwa Kiswahili, katika rasimu zangu na za wenzangu wanaonitumia maandishi yao niyapitie kabla hawajayaweka kwenye Wikipedia. Ninayoandika hapa ni njia ninayoifuata. Inafaa kwa riwaya nyingine pia, lakini mifano yangu yote ni ya hii moja, kwa kuwa ndiyo ninayoijua vizuri.

Chukulia umefungua makala na kukuta mbegu, yaani aya mbili na lile sanduku la chini linalokuomba uongeze habari. Usibonyeze Hariri kwanza. Kisome kitabu.

Najua watu wengi huanza kwa kufungua makala ya Kiingereza na kuitafsiri. Inaruhusiwa, mradi useme hivyo katika muhtasari wa mabadiliko na utaje makala uliyoitafsiri. Lakini anayetafsiri bila kusoma kitabu hawezi kujua neno lipi limekosewa. Flaubert alifariki tarehe 8 Mei 1880, hakimiliki ilikwisha zamani, na matini yote ya Kifaransa iko bure Wikisource, maktaba ya mtandaoni. Mimi niliipakua kwenye simu nikiwa mjini Kasulu, na sikuhitaji tena bando mpaka nilipomaliza. Kama husomi Kifaransa, tafsiri ya kwanza ya Kiingereza iliyochapishwa, ya Eleanor Marx, binti wa Karl Marx, ilitoka 1886 na nayo iko bure.

Soma ukiwa na daftari. Riwaya ina sehemu tatu: ya kwanza sura 9, ya pili sura 15, ya tatu sura 11. Kila sura ipe mistari michache katika safu nne: mahali, nani yuko, nini kinatokea, pesa. Safu ya pesa niliiongeza katika usomaji wa pili, na ndiyo iliyonifungua macho. Emma anatumia faranga 300 kununua mguu wa bandia. Anachukua vitambaa na mapazia kwa Lheureux, mfanyabiashara anayempa mali kauli na kumsainisha hati juu ya hati. Mwisho inakuja amri ya mahakama: faranga 8,000 ndani ya saa ishirini na nne. Anakwenda kwa mthibitishaji wa hati Guillaumin, ambaye anataka mwili wake kwanza. Anakwenda kwa Binet, mtoza kodi. Anakwenda kwa Rodolphe, mpenzi wake wa zamani, kumwomba faranga 3,000, na Rodolphe anajibu kwamba hana. Baada ya hapo ndipo anapokwenda kula sumu ya arseniki.

Sasa tazama muhtasari wa kitabu hiki popote ulipouona. Mara nyingi umeandikwa kwamba Emma anajiua kwa sababu ya mapenzi yaliyovunjika. Mapenzi yamo, bila shaka, na Rodolphe alimwacha muda mrefu kabla ya kifo chake. Lakini anayesoma safu ya pesa kutoka juu hadi chini anaona kuwa siku ile ya mwisho kila mlango anaoubisha ni mlango wa deni. Ukiandika "madeni na mapenzi", umeandika kweli. Ukiandika "mapenzi" peke yake, umekata nusu ya kitabu.

Baada ya daftari, shughulikia vyeo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo makala nyingi zinapoharibika, na zinaharibika kwa neno moja.

Charles Bovary anaitwa kwa Kifaransa officier de santé. Ukiliweka neno hilo katika programu ya kutafsiri, utapata "afisa wa afya" au kitu cha jirani. Msomaji wa Tanzania akiona afisa afya anamwona bwana afya: mtu anayekagua vyoo, machinjio na migahawa. Charles hakufanya kazi hiyo hata siku moja. Mwandishi mwingine, akitaka kuepuka shida, anaandika "daktari". Hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu linaonekana sahihi.

Officier de santé ilikuwa ngazi ya pili ya waganga wa Ufaransa. Iliwekwa na sheria ya tarehe 19 ventôse mwaka wa XI kwa kalenda ya Mapinduzi, yaani 10 Machi 1803, na ikafutwa mwaka 1892. Mtu aliifikia kwa miaka mitatu ya shule ya utabibu, au kwa miaka mingi zaidi chini ya daktari au hospitalini, kisha akafanya mtihani. Hakuwa na shahada ya udaktari. Aliruhusiwa kutibu katika mkoa ule tu aliofanyia mtihani, na upasuaji mkubwa hakuruhusiwa kuufanya bila daktari kuusimamia, pale daktari alipopatikana. Charles aliuanguka mtihani huo mara ya kwanza, akaupita mara ya pili.

Nilipoisoma sheria hiyo nilikaa kimya kwa muda. Mimi nilisoma miaka mitatu nikapata stashahada. Najua mipaka yangu imeandikwa wapi, na najua jinsi mtu anavyoweza kusukumwa kuivuka na watu wanaompenda.

Maana ndivyo inavyotokea katika sehemu ya pili, sura ya 11. Mfamasia wa kijiji, Homais, amesoma gazetini kuhusu njia mpya ya kutibu mguu kifundo, yaani mguu uliozaliwa umepinda. Anamshawishi Charles ampasue Hippolyte, kijana wa zizi katika nyumba ya wageni ya Lion d'or. Emma naye anasukuma, anataka mume mwenye jina. Charles anaagiza kitabu cha Dkt. Duval, anasoma usiku, anakata kano ya kisigino, kisha mguu unafungwa ndani ya sanduku lililotengenezwa na seremala akisaidiwa na fundi wa kufuli. Mguu unavimba, unaoza. Analetwa daktari wa kweli kutoka Neufchâtel, Canivet, naye anaukata kwenye paja. Ule mguu wa bandia wa faranga 300 ni wa Hippolyte. (Leo watoto wenye mguu kifundo hufungwa plasta tangu wakiwa wachanga, na wengi wao hukatwa kano hiyohiyo kupitia tundu dogo sana. Kano ilikuwa sahihi. Mkono, umri wa mgonjwa na sanduku ndivyo vilivyokosea.)

Ukimwita Charles daktari, tukio hili linakuwa daktari aliyebahatika vibaya. Ukimwita kwa cheo chake, linakuwa mtu aliyeshinikizwa kufanya kazi ambayo sheria ilimwekea mipaka. Zaidi ya hayo, Homais mwenyewe aliwahi kuitwa Rouen na mwendesha mashtaka wa mfalme kwa kutibu watu bila cheti, na Flaubert anaitaja sheria yenyewe kwa jina: ile ya 19 ventôse mwaka wa XI, kifungu cha kwanza. Mwandishi aliyekulia hospitalini aliijua. Baba yake, Achille-Cléophas Flaubert, alikuwa mkuu wa wapasuaji wa Hôtel-Dieu, hospitali ya mji wa Rouen.

Katika makala mimi huandika hivi mara ya kwanza cheo kinapotokea:

"Charles Bovary ni tabibu (kwa Kifaransa officier de santé, mganga wa ngazi ya pili asiye na shahada ya udaktari, aliyeruhusiwa kutibu kwa sheria ya 1803)."

Baada ya hapo, "tabibu" inatosha hadi mwisho. Canivet na daktari mwingine wa riwaya, Larivière, ndio wanaopewa "daktari". Nakushauri usiongeze kwamba huyu ni sawa na tabibu wa Tanzania wa leo. Mimi naamini wanafanana, nimekueleza hapa kwa kuwa hapa nasema yangu, lakini kamusi elezo haipokei maoni ya mwandishi wa makala. Inapokea kilichokwisha kuchapishwa na mtu anayeweza kutajwa katika tanbihi.

Muhtasari wa hadithi uandike ukiwa umejiwekea kikomo. Mimi hujipa maneno 600, na kila ninapozidi ninakata sifa za watu kabla ya matendo yao. Tumia -na- kwa mambo ya ndani ya riwaya na -li- kwa mambo ya historia: Emma anaolewa, Flaubert alishtakiwa. Ukizichanganya, msomaji hajui kama Rodolphe ni mtu aliyeishi au mhusika, na nimeona rasimu ambamo Yonville-l'Abbaye imepewa idadi ya watu kana kwamba ipo kwenye ramani. Yonville ni kijiji cha kubuni. Rouen ni mji wa kweli.

Anza na Charles, usianze na Emma. Riwaya inafunguka darasani, mwanafunzi mpya anaingia na kofia ya ajabu, anaulizwa jina, anatamka kitu kinachosikika kama "Charbovari", na darasa zima linacheka. Anayesimulia anasema "sisi": sisi tulikuwa tukijisomea. Huyo "sisi" anatoweka baada ya sura ya kwanza na harudi tena kama msimulizi. Ni habari ya kuandikwa katika sehemu ya mtindo, maana wahakiki wameijadili sana.

Eleza pia kwamba ndani ya kitabu kuna akina Bibi Bovary watatu: mama yake Charles, mke wake wa kwanza Héloïse aliyekuwa mjane kutoka mji wa Dieppe mwenye umri wa miaka arobaini na mitano, na Emma. Anapoingia Emma, jina hilo limekwisha kuvaliwa na wawili.

Na mwisho wa muhtasari usiwe kifo cha Emma. Bado kuna sura tatu. Charles anakufa kwenye benchi bustanini. Mtoto wao Berthe, baada ya bibi yake kufa, anachukuliwa na shangazi maskini na kupelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Sentensi ya mwisho kabisa ni ya Homais, ambaye amepata nishani ya heshima. Nimepitia rasimu tano za watu mbalimbali, na nne kati yake ziliishia kwenye arseniki. Yule mtoto anayekwenda kiwandani akikosekana katika makala, mimi siwezi kuiita imekamilika.

Sehemu ya historia ina mtego wa tarehe. Utakuta mahali 1856 na mahali 1857, na mtu mwenye nia njema atakwenda kufuta moja akidhani nyingine ndiyo sahihi. Zote ni sahihi. Flaubert alianza kuandika Septemba 1851 nyumbani kwake Croisset, kando ya mto Seine karibu na Rouen, akamaliza majira ya kuchipua ya 1856. Riwaya ilitoka kwanza kwa vipande sita katika jarida la Revue de Paris, kuanzia 1 Oktoba hadi 15 Desemba 1856. Kitabu chenyewe kilitolewa na Michel Lévy Aprili 1857, juzuu mbili. Andika zote mbili katika sentensi moja ya utangulizi ili anayekuja baada yako asipate la kusahihisha.

Katikati ya tarehe hizo kuna kesi. Hapa kosa la kawaida ni kuandika kwamba "kitabu kilipigwa marufuku". Hakikupigwa. Kilichoshtakiwa ni yale yaliyochapishwa jaridani. Walioshtakiwa ni Flaubert, Laurent-Pichat aliyeliongoza jarida, na mchapaji Pillet, kwa kosa la kuchukiza maadili ya umma na ya dini na mwenendo mwema. Kesi ilisikilizwa Paris tarehe 29 Januari 1857. Mwendesha mashtaka alikuwa Ernest Pinard, ambaye mwaka huohuo aliishtaki pia mashairi ya Charles Baudelaire, Les Fleurs du mal. Wakili wa utetezi alikuwa Jules Senard. Hukumu ilisomwa 7 Februari: wote watatu wakaachiwa, ingawa mahakama ilikikaripia kitabu katika maelezo yake. Kitabu kilipotoka miezi miwili baadaye, kilikuwa kimetabarukiwa kwa Senard.

Ongeza jambo moja ambalo wengi hulisahau. Jarida lenyewe, likiogopa serikali, lilikuwa limekwisha kukata baadhi ya vipande kabla ya kesi. Kilicho maarufu ni tukio la sehemu ya tatu ambapo Emma na Léon, mpenzi wake mwingine, wanazungushwa Rouen mchana kutwa ndani ya gari la farasi lililofungwa mapazia. Flaubert alikasirika hadi akalazimisha jarida lichapishe tamko lake katika toleo la mwisho, kwamba wasomaji wanachokiona ni vipande tu na hawana kazi kamili mbele yao. Ukiweka hilo, msomaji anaelewa kwamba toleo la 1856 na la 1857 si matini moja.

Sasa mtindo. Hapa watafsiri wengi hukata tamaa, wakaandika "Flaubert alitumia mbinu za kisasa", wakapita. Usipite. Mbinu anayosifiwa kwayo inaweza kuelezwa kwa sarufi tuliyofundishwa sote darasani: usemi halisi na usemi wa taarifa.

Usemi halisi: Emma alisema, "Hatimaye nitazipata raha za mapenzi."

Usemi wa taarifa: Emma alisema kwamba hatimaye angezipata raha za mapenzi.

Flaubert anaondoa "Emma alisema kwamba" na kuacha kilichobaki kikisimama peke yake: Hatimaye angezipata raha zile za mapenzi, homa ile ya furaha aliyokuwa amekwisha kuikatia tamaa.

Sentensi hiyo ya tatu ni tafsiri yangu ya maneno yaliyomo katika sehemu ya pili, sura ya 9, Emma anapojitazama kwenye kioo baada ya kuwa na Rodolphe kwa mara ya kwanza. Nani anasema? Nafsi ni ya tatu, kama ya msimulizi, lakini hisia ni za Emma. Wafaransa wanaiita style indirect libre. Kwa Kiswahili mimi naandika "usemi wa taarifa huru", na nakuomba uweke mfano wa sentensi tatu kama huu, kwa sababu jina peke yake halimfundishi mtu kitu.

Kisha unganisha mtindo na kesi, kwa kuwa vilikutana mahakamani. Ukurasa huohuo wa kioo ndio Pinard alioushika. Aliwaambia mahakimu kwamba Emma hapo anauimbia uzinzi wimbo wa sifa, na kwamba jambo hilo ni la hatari na lisilo la maadili kuliko hata anguko lenyewe. Hakukuta mahali ambapo msimulizi anasimama na kumkemea. Hans Robert Jauss, mhakiki wa Kijerumani, alilijadili jambo hili katika karne ya 20: mashtaka yaliyachukua mawazo ya mhusika kama kauli ya mwandishi. Sehemu mbili za makala, ambazo kwa kawaida huandikwa mbalimbali kana kwamba hazijuani, hapa zinaungana kwa tanbihi moja. Mimi nikipata nafasi ya kuboresha jambo moja tu katika makala, ninachagua hili.

Kuna mambo mawili ambayo lazima uyaguse kwa uangalifu kwa sababu yamezagaa. La kwanza ni ile kauli "Madame Bovary ni mimi". Haipo katika riwaya wala katika barua za Flaubert. Ilikuja kusimuliwa baada ya kifo chake, ikipitia mdomo kwa mdomo, na ilichapishwa na René Descharmes mwaka 1909. Iandike kama kauli anayohusishwa nayo, na utoe maelezo hayo. La pili ni Delphine Delamare, mke wa tabibu wa kijiji cha Ry aliyefariki 1848, anayetajwa kuwa ndiye Emma wa kweli. Inawezekana kisa chake kilichangia. Lakini Flaubert mwenyewe aliandika tarehe 18 Machi 1857, kwa msomaji wake Leroyer de Chantepie, kwamba hadithi yote ni ya kubuni. Weka yote mawili kando kwa kando, usimchagulie msomaji. Tazama pia kwamba mume wa Delphine alikuwa officier de santé. Andika tabibu.

Tanbihi: ukinukuu riwaya, taja sehemu na sura, usitaje ukurasa. Kurasa hubadilika kila chapisho, na nakala yangu isiyo na jalada haina hata jina la mchapishaji, lakini II, 9 ni II, 9 popote duniani. Kwa barua, taja aliyeandikiwa na tarehe. Chuo Kikuu cha Rouen kimeweka barua na miswada ya riwaya mtandaoni bure. Miswada ni kurasa zipatazo 4,500, na unaweza kuona kwa macho yako jinsi sentensi moja ilivyoandikwa, ikafutwa, ikaandikwa upya. Usitumie makala nyingine ya Wikipedia kama chanzo.

Picha usiweke nyingi. Moja ninaipendekeza kwa moyo wote: katuni ya Lemot ya mwaka 1869, Flaubert ameshika kisu cha upasuaji chenye moyo wa Emma kwenye ncha. Iko Wikimedia Commons na haina hakimiliki. Inakaa vizuri kando ya sehemu ya mapokezi, ambako utanukuu maneno ya mhakiki Sainte-Beuve ya Mei 1857, kwamba Flaubert, mwana na ndugu wa waganga, anaishika kalamu kama wengine wanavyoshika kisu cha upasuaji. Filamu zipe mistari michache: Jean Renoir 1934, Vincente Minnelli 1949, Claude Chabrol 1991. Jamii, yaani makundi ya makala yanayotajwa chini ya ukurasa, tumia zilizopo, usibuni mpya bila kutafuta.

Kabla ya kuhifadhi, soma kwa sauti. Mimi husomea mtu, ikiwezekana asiyejua kitabu. Usiku mmoja wa zamu nilimsomea mhudumu mwenzangu ule muhtasari wa hadithi, na nilipofika kwenye hati za Lheureux alinikatiza: "Basi hayo si ndiyo mali kauli?" Nilikuwa nimeandika "bidhaa kwa mkopo". Nikabadilisha palepale. Hifadhi kwa mafungu, utangulizi leo, historia kesho, kila fungu na muhtasari wake wa mabadiliko, ili kikikosewa kitu kirudishwe hicho peke yake.

Na kabla hujafunga kompyuta, nenda ukurasa wa Majadiliano ueleze maneno uliyoyachagua. Bila maelezo, mtu atakuja baada ya wiki mbili, ataona "tabibu", atadhani umeteleza, atarudisha "daktari", naye atakuwa anafanya wema. Mimi huacha maelezo haya: "Nimetumia tabibu kwa officier de santé kwa sababu Charles hakuwa na shahada ya udaktari. Msuko wa sehemu ya II, sura ya 11 unategemea tofauti hiyo. Ukiwa na neno bora zaidi tafadhali liandike hapa tulijadili." Ikiwa atakayejibu ana neno bora, lipokee. Fundi wa lugha kutoka Lamu au Bunia anaweza kuwa na neno ambalo huku Kigoma hatulijui.

Katika makala huwa naacha kiungo kimoja chekundu kwa makusudi, juu ya maneno officier de santé, kuonyesha kwamba ukurasa wake bado haujaandikwa. Huo ndio ninaouandika sasa. Vifungu vya sheria ya 1803 nimevinakili katika daftari lilelile, baada ya safu ya pesa, na wiki hii nina zamu tatu za usiku.